Kwa Nini Kaviti ya Saa ya Atomu Haiingii Kwenye Kiberiti

Swali: "Mwalimu, hujambo? Mimi ni fundi wa milingoti ya simu hapa Kisumu, nakaa Kondele. Juzi tulibadilisha mitambo ya zamani kwenye kituo kimoja upande wa Riat, na kwenye vyuma vilivyokuwa vikitupwa nikaokota moduli ya rubidiamu iliyokufa, yaani ile saa ya atomu ya mitambo. Nikaifungua. Ndani kuna balbu ndogo, halafu kisanduku kizito cha chuma kinachokaribia ngumi yangu, na ndani ya kisanduku kuna kichupa cha kioo. Kisanduku kimekula karibu nafasi yote. Mwenzangu akanionyesha kwenye simu picha ya saa ya atomu inayotoshana na kiberiti. Sasa nauliza: hiki kisanduku ni cha nini hasa? Kama kinaweza kupunguzwa, mbona waliokitengeneza hawakukipunguza? Na kikipungua, saa haiharibiki?"

Jibu:

Fundi, sijambo, na nimefurahi kwamba uliifungua badala ya kuiuza kwa kilo. Kabla ya yote, kile kichupa usikivunje. Ukikishika kwenye jua utaona doa linalong'aa kama fedha upande mmoja wa kioo. Hiyo ndiyo rubidiamu yenyewe. Ni kidogo mno, haifiki hata tone la chozi, ila ni ndugu wa sodiamu na potasiamu, na ikigusana na unyevu huwaka bila kuwashwa. Kiviringishe kwenye kitambaa, kiweke kando, tuzungumze.

Atomu ya rubidiamu ina elektroni moja ya nje, na elektroni hiyo ni kama kisumaku. Kiini cha atomu nacho ni kisumaku. Viwili hivyo vinaweza kuelekea upande mmoja au kupeana mgongo, na kuhama kutoka hali moja hadi nyingine kunadai nishati ya kiasi kilekile siku zote, atomu iwe ya Kisumu au ya Tokyo. Kwa rubidiamu 87, nishati hiyo ni ya wimbi linalotetema mara 6,834,682,610 na ushei kwa sekunde. Kwa sisiamu 133 ni mara 9,192,631,770 kamili, na imekuwa kamili kwa sababu tangu 1967 sekunde yenyewe inatafsiriwa kwa hesabu hiyo.

(Wazee walihesabu saa kwa jua, na Kiswahili bado kinahesabu hivyo: saa moja ni jua likishachomoza. Lakini jua la Kisumu halijawahi kukubaliana na saa ya ukutani. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, na Kisumu iko karibu nyuzi 34.75, kwa hiyo kwa wastani jua linafika utosini hapo Kondele dakika 41 baada ya saa sita mchana. Mombasa ni dakika 21 hivi. Mtandao wa simu ukipangwa kwa jua utakufa kabla ya chai ya saa nne.)

Turudi kwenye meza yako. Ile balbu ndogo nayo ina rubidiamu. Mwanga wake unapita kwenye kichupa na kuzisukuma atomu zikae hali moja. Zikishajaa huko haziumezi tena, na kichupa kinakuwa kama kioo cha dirisha. Sasa leta maikrowevu, yaani mawimbi kama ya redio yanayotetema kwa kasi ile niliyoitaja. Masafa yake (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yakilenga sawasawa, atomu zinarudi hali ya kwanza, zinaanza kumeza mwanga upya, na kile kijicho cha kupokea mwanga kilicho nyuma ya kichupa kinaona giza dogo sana. Hilo giza ndilo saa. Saketi inalifuata na kuivuta kristali ya kwatzi, ambayo ndiyo chanzo cha maikrowevu hayo, ibaki pale pale giza linapozidi.

Kisanduku, ambacho mafundi tunakiita kaviti, kipo ili kuyakusanya maikrowevu mahali pamoja na kupanga uga wa sumaku upite ndani ya kichupa ukiwa umenyooka, kwa nguvu inayolingana kila pembe. Shika neno hilo: sumaku. Kwa kuhama huku, atomu haziujali uga wa umeme wa wimbi. Zinaitikia uga wa sumaku. Karibu kila ujanja wa kupunguza kaviti unatoka kwenye jambo hilo moja.

Na kabla hujaulaumu ukubwa, hebu umenye. Ganda la nje kabisa huenda ni aloi ya nikeli na chuma, inayozuia sumaku ya dunia na ya transfoma iliyo jirani. Chini yake kuna joko: kichupa kinapashwa moto na kushikiliwa kwenye joto lilelile mchana na usiku. Kaviti yenyewe iko ndani zaidi ya hapo. Sehemu ya uzito ulioushika mkononi si kaviti hata kidogo.

Ukubwa wa kaviti unatoka wapi? Wimbi la gigahezi 6.83, yaani mitetemo bilioni 6.83 kwa sekunde, lina urefu wa sentimita 4.4. Ukichukua kopo tupu la chuma, duara, lililofungwa juu na chini, wimbi haliwezi kusimama ndani yake kama kopo halilitoshi. Umbo la wimbi ambalo wenye saa wanalipenda zaidi linaitwa TE011: uga wa umeme unazunguka kama pete, na uga wa sumaku unapita wima katikati kisha unarudi kando ya kuta. Kwa kichupa hakuna mpangilio mzuri kuliko huo. Lakini piga hesabu uone: kopo lenye kimo sawa na kipenyo linatoka sentimita 5.8, ujazo wa karibu sentimita 150 za ujazo. Hicho ni kikombe cha chai cha kibandani. Kwa saa ya hidrojeni, ambayo wimbi lake ni sentimita 21, kopo hilohilo linafika sentimita 28 kwa 28, sufuria ya ugali ya nyumba yenye wageni.

Kuna umbo la pili, TE111, ambalo linashuka hadi sentimita 3.4 kwa 3.4, yaani moja ya tano ya ujazo ule. Limetumika kwenye saa nyingi za biashara. Shida yake ni kwamba katikati kabisa, mwanga unapopita kwa wingi, ule uga wa sumaku wa wima ni sifuri, na upande huu unaelekea juu wakati upande wa pili unaelekea chini. Saa inafanya kazi, ila atomu nyingi zinakaa pasipo na uga wa kutosha.

Sasa chukua chupa ya soda ya mililita 300, ikiwa tupu, upulize juu ya mdomo wake. Inavuma sauti nzito, kama hezi 200. Wimbi la sauti hiyo hewani lina urefu wa karibu mita 1.7, na chupa yenyewe haifiki hata sentimita 25. Wimbi la mita 1.7 limeingiaje humo? Halikuingia. Hewa iliyo shingoni inapanda na kushuka kama pistoni, hewa iliyo tumboni inabanwa na kuachiwa kama springi. Uzito uko mahali pake, springi iko mahali pake, na urefu wa wimbi hauulizwi tena. Bomba lililonyooka la urefu uleule lingetoa sauti nyembamba zaidi. Shingo ndiyo iliyoishusha.

Kaviti nayo inaweza kutengenezwa kama chupa. Kwenye kopo tupu, uga wa umeme na uga wa sumaku wamejazana chumba kimoja. Ukiwatenganisha, umeme ukae kwenye mwanya mwembamba kama kapasita na sumaku ikae kwenye tumbo kama koili, masafa yanaamuliwa na mwanya na tumbo. Na kwa kuwa atomu zinataka sumaku tu, unaweka kichupa tumboni, na umeme unaubana pembeni usikoangaliwa na mtu.

Niliijaribu hii nyumbani Nakuru, kwenye meza ya jikoni, wala si kwa masafa ya rubidiamu, kwa sababu kipimo changu kidogo cha masafa ya redio kinaishia gigahezi 3. Nilikata kipande cha bomba la shaba la milimita 22, urefu kama kidole gumba, kuta zake milimita 1 hivi. Nikakibana kwenye jiliwa nikakipasua kwa urefu kwa msumeno wa chuma, mpasuko mmoja tu, kisha nikapiga msasa. Nikasogeza kitanzi cha waya kilichounganishwa na kipimo. Mstari kwenye kioo cha kipimo ukazama kwenye gigahezi 2 na kitu, dalili kwamba bomba linavuma hapo. Hilo ni wimbi la sentimita kumi na nne hivi, ndani ya bomba la sentimita 2.

Halafu nikacheza. Nilipoingiza kipande cha kadi ya plastiki kwenye mpasuko, masafa yalianguka megahezi mia kadhaa mara moja. Nikaitoa ile kadi, nikaingiza kichupa kitupu cha dawa katikati ya bomba: mstari ulisogea kidogo tu. Kioo hakikukuta umeme wa maana huko. Kisha nikaingiza kijiti cha shaba mahali palepale, na masafa yakapanda, kwa kuwa kijiti kilikuwa kinakula nafasi ya uga wa sumaku. Kwa vitu vitatu vya mezani unaona kwa macho yako nani anakaa chumba kipi.

Kosa langu lilikuja baadaye. Bomba lililo wazi linatapanya nguvu hewani kama antena, kwa hiyo nikalifunika kwa gorogoro, lile kopo la bati la kupimia nafaka. Mistari ikawa mingi: huu hapa, ule kule, mwingine katikati. Nilidhani waya umelegea, nikapoteza jioni nzima nikilehemu upya. Kumbe gorogoro lenyewe, likiwa na kipenyo cha sentimita 13 hivi, linatosha mawimbi ya gigahezi 2, na lilikuwa linavuma nyimbo zake. Nilipohamia kopo dogo la sentimita 7 kelele zikaisha, ukabaki mstari wa bomba peke yake. Ganda lazima liwe jembamba kiasi cha kulikataa wimbi. Vinginevyo una kaviti mbili zinazogombana.

Umbo hili halikuvumbuliwa mezani kwangu, bila shaka. Mwaka 1981 W. N. Hardy na L. A. Whitehead wa Kanada walieleza pete iliyopasuliwa kwa ajili ya vipimo vya sumaku za atomu, na mwaka uliofuata W. Froncisz na J. S. Hyde wakaeleza ndugu yake mwenye mianya kadhaa. Nyuma zaidi kuna magnetroni ya rada ya mwaka 1940, ya Randall na Boot wa Birmingham, ambayo wajukuu zake wamo kwenye kila jiko la maikrowevu mjini: nayo ni duara la shaba lenye matundu na mianya. Ndiyo maana wenye saa huziita kaviti hizi "za aina ya magnetroni", ingawa hakuna kinachopikwa.

Kwenye saa ya rubidiamu ya namna hii, ndani ya ganda la duara kuna vipande vya chuma vilivyojipinda, tuseme vinne au sita, vimekizunguka kichupa kama vidole vinavyoshika yai. Kati ya kidole na kidole pana mwanya. Kwa nini viwe vingi wakati bomba langu lilikuwa na mpasuko mmoja? Kwanza, kila mwanya unaoongezwa ni kama kapasita iliyofungwa kwa mfululizo, na masafa yanapanda kwa kipeuo cha pili cha idadi: mianya minne inafanya masafa yawe maradufu. Hivyo ndivyo unavyofika gigahezi 6.83 bila kulifinya tumbo kupita kiasi. Pili, mpasuko mmoja unapinda uga upande wake. Ukiigawa mianya sawasawa, uga wa tumboni unanyooka na kufanana sana na ule mzuri wa TE011. Maabara ya Chuo Kikuu cha Neuchâtel, Uswisi, imefanya kazi nyingi kwenye umbo hili kwa kichupa cha milimita 25, hadi wakafikia kuichapisha kaviti kwa printa ya vitu.

Njia nyingine haigusi umbo, inagusa kinachojaza kopo. Mpiga nyatiti akitaka sauti nzito hawezi kurefusha chombo hadi mlangoni. Anatafuta uzi mnene, na wimbi linakwenda polepole. Kauri ya alumina inafanya hivyo kwa maikrowevu: ndani yake wimbi linapunguza mwendo kwa mara tatu na kidogo, na kama kopo lingejaa alumina tupu, vipimo vyake vyote vingegawanywa kwa hiyo tatu na kidogo. Huwezi kulijaza lote, kwa sababu kichupa kinataka nafasi, kwa hiyo unaweka pete ya kauri kukizunguka na unapata sehemu tu ya faida. Watafiti wa INRIM, maabara ya vipimo iliyoko Torino, Italia, wamefuata njia hiyo kwa saa za rubidiamu. Mimi naipenda kwa urahisi wake, kwani pete ni pete, haina vidole vya kupinda, lakini kauri inabadilika kwa joto kuliko chuma, na hilo linakurudisha kwenye joko.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo ndilo gumu. Kaviti ikipungua, saa inaharibika?

Jibu langu: kaviti peke yake haiiharibu. Kinachoumia ni kichupa.

Kila kaviti ndogo inavuma kwa muda mfupi zaidi, maana kuta zimekuwa nyingi kuliko ujazo, na kuta ndizo zinazokula nguvu. Kipimo cha kuvuma huko tunakiita Q. Kwa saa ya hidrojeni inayojiendesha yenyewe, Q ndiyo uhai: kaviti yake kubwa ina Q ya elfu arobaini hivi, na ikishuka sana atomu haziwezi tena kuendeleza mvumo peke yake. Ndiyo sababu saa ya hidrojeni iliyopunguzwa ili ipande setilaiti za Galileo, mfumo wa Ulaya ulio kama GPS, ya kwanza ikiwa kwenye setilaiti ya majaribio GIOVE-B mwaka 2008, ni ya aina inayosubiri kuulizwa kutoka nje kwa wimbi la maikrowevu. Kaviti yake ni ya aina ya magnetroni, na saa nzima ni kilo 18. Kwa hidrojeni, huo ni wembamba.

Rubidiamu haina shida hiyo, kwa sababu hatusikilizi maikrowevu, tunaangalia mwanga. Kaviti inaleta tu wimbi na kuondoka. Q ya 200 inatosha, na mimi naona ni bora kuliko Q kubwa. Alumini inatanuka sehemu 23 kwa milioni kwa kila digrii. Kwa gigahezi 6.83 kaviti inahama kilohezi 157 kwa digrii, lakini ikiwa Q yake ni 200, upana wake ni megahezi 34, hivyo mhamo huo hauonekani. Kopo la hidrojeni likitengenezwa kwa alumini hiyohiyo linahama kilohezi 33 kwa digrii, na upana wake ni kilohezi 35. Digrii moja tu na umekwisha kutoka njiani. Wanaotengeneza saa hizo hukimbilia vioo maalumu visivyotanuka.

Kichupa ni habari nyingine. Atomu inayogonga ukuta wa kioo inasahau ilikuwa hali gani, na kuhesabu kwake kunaanza upya. Kwa hiyo tunajaza gesi ya kuzuia, naitrojeni na agoni kwa kawaida, ili atomu ipenye kwa shida kama mtu anayevuka Kibuye siku ya Jumapili. Lakini muda wa kufika ukutani unafuata mraba wa kipenyo: punguza kichupa nusu, na atomu inafika kwa robo ya muda. Ukiongeza gesi kuifidia, gesi nayo inaigusa atomu mara nyingi zaidi, inasogeza masafa yake, na ile alama ya giza inapanuka. (Naitrojeni na agoni huchanganywa kwa sababu joto likibadilika moja husogeza masafa juu na nyingine chini, ukipata uwiano, zinafutana.) Kisha atomu zenyewe zimepungua, kwa hiyo unaongeza joto upate mvuke zaidi, na umeme unakwenda huko. Hakuna umbo la chuma linaloweza kukutoa hapo. Ndiyo maana wataalamu wa kaviti ndogo hawashindani kukipunguza kichupa. Wanashindana kubakiza kichupa kikubwa ndani ya ganda dogo. Vidole vile vinaweza kukaribia kioo kabisa, na kopo la TE011 haliwezi.

Gesi hiyo ina lingine. Inaifunga atomu mahali ilipo, hivyo atomu ya kona inaonja uga wa konani tu. Uga usipolingana, kila kona inatoa jibu lake kidogo tofauti, na nguvu ya maikrowevu ikiyumba, wastani wa majibu hayo unayumba pia. Kwenye saa za mapigo, ambapo mwanga unazimwa kwanza kisha maikrowevu inapigwa kwa vipande vilivyopimwa, jambo hili ni kali zaidi: pigo linapaswa kuzigeuza atomu zote robo mzunguko kamili, si nyingine kidogo na nyingine sana.

Na ile ya kiberiti uliyoonyeshwa? Ile haina kaviti kabisa. Mwaka 1976 watafiti wa Pisa, Italia, waliona kwamba ukizimulika atomu kwa rangi mbili za leza zinazopishana kwa masafa ya atomu yenyewe, zinaacha kumeza mwanga. Mwaka 2004 maabara ya NIST, Boulder, Marekani, ilionyesha moyo wa saa uliotoshana na punje ya mchele kwa kutumia hilo. Leza ndogo inachezeshwa kwa gigahezi 4.6, nusu ya masafa ya sisiamu, na rangi zake mbili za pembeni zinapishana kwa gigahezi 9.2. Maikrowevu inasafiri ndani ya mwanga, kwa hiyo hakuna kopo la kuibeba. Zilipofika sokoni mwaka 2011 zilikuwa na uzito wa gramu 35 na kutumia chini ya miliwati 120.

Bei yake iko kwenye utulivu. Saa hiyo, kwa sekunde moja, inayumba sehemu 3 kati ya bilioni 10. Saa za maabara zenye kaviti, za Neuchâtel na Torino, zinayumba sehemu moja hadi mbili kati ya trilioni 10. Tofauti ni zaidi ya mara elfu, na sehemu kubwa yake iko kwenye kichupa kipana na uga uliotulia. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kaviti ni mambo ya kizamani.

Kwa nini basi waliotengeneza ya kwako hawakuisogeza hadi mwisho? Nadhani hawakuwa na haja. Kwenye kabati la mlingoti nafasi ipo, na chuma kizito kinasaidia joto lisiyumbe. Kuna na usumbufu wa kiwandani. Mpasuko wa milimita 1 ukikosewa kwa sehemu moja ya mia ya milimita, masafa yanahama nusu asilimia, na kwa rubidiamu hiyo ni megahezi 34, upana mzima wa kaviti ya Q 200. Kopo tupu linasamehe zaidi. Vidole vinadai mkono wa fundi wa saa, au skrubu ya kurekebisha kila moja kabla haijatoka.

Kwa mlingoti wako hesabu ni fupi. Mitandao ambayo simu na mlingoti zinapokezana masafa yaleyale inataka vituo vyote visitofautiane na saa ya marejeo kwa zaidi ya maikrosekunde 1.5. GPS, inayovipa vituo saa hiyo, ikikatika, kwatzi nzuri ya kwenye joko, iliyokosea sehemu 1 kati ya bilioni 1, inamaliza nafasi hiyo kwa dakika 25. Rubidiamu iliyokosea sehemu 1 kati ya bilioni 100 inakupa saa 41 na ushei: umepokea simu Jumamosi asubuhi, na unaweza kupanda Riat Jumapili baada ya ibada.

Ile iliyokufa usiitupe bado. Mara nyingi kinachokufa kwanza ni balbu. Fungua joko polepole, toa kichupa kwa mikono miwili, kisha mulika tochi ndani ya kopo. Ukiona kuta laini tupu, hilo ni TE011 au TE111. Pima kipenyo utajua lipi. Ukiona pete nyeupe, hiyo ni kauri. Ukiona vidole, hesabu mianya, na uangalie kama kuna skrubu inayochungulia mmoja wao. Nitumie picha kabla hujakirudisha kichupa.